Mota ya stepa kwenye Raspberry Pi: kutetemeka, kupata moto na kuizima bodi

Anayefunga mota ya stepa, ile inayozunguka kwa hatua ndogo ndogo, kwenye bodi ya Raspberry Pi kwa mara ya kwanza hukutana na mojawapo ya mambo haya: mota inanguruma bila kuzunguka, bodi inajizima, draiva (kibao kinachoipa mota umeme) inaunguza kidole, au mota iliyozunguka vizuri jana leo imegoma. Wengi hukimbilia kwenye programu. Hubadilisha mistari, hupakua maktaba nyingine, hununua draiva ya pili. Lakini sehemu kubwa ya matatizo haya ni ya umeme na nyaya, na utayaona ndani ya dakika chache ukishika multimita na kupima volti wakati mota inafanya kazi, si wakati imetulia.

Mwongozo huu unakwenda kwa dalili. Chini ya kila dalili, sababu inayotokea sana imetangulia na ya nadra iko mwisho, kwa hiyo anza juu ushuke. Nimeshika seti mbili zinazotumika zaidi: mota ndogo ya 28BYJ-48 na kibao chake cha ULN2003, na mota ya NEMA 17 yenye draiva ya A4988 au DRV8825. Mwenye Arduino naye atajikuta humu.

## Umeme wa mota utoke wapi

Pini za GPIO za Raspberry Pi, zile za kutoa na kupokea amri, hutoa volti 3.3, na ukomo wa pini moja ni miliampea 16. Pini zote kwa pamoja usizivushe miliampea 50. Sasa linganisha na mota. Koili moja ya 28BYJ-48 ya volti 5 ina ukinzani wa karibu omu 50, kwa hiyo inavuta miliampea 80 hadi 100, na mara nyingi koili mbili huwa zinavuta kwa wakati mmoja. NEMA 17, ile ya mraba yenye uso wa milimita 42 inayoonekana kwenye printa za 3D, mara nyingi huandikwa ampea 1.5 au 1.7 kwa kila koili. Hata Arduino Uno, ambayo pini yake inashauriwa isivuke miliampea 20, haiwezi kuibeba hata ile ndogo.

Kwa hiyo hakuna mota ya stepa inayofungwa moja kwa moja kwenye pini. Bodi ni kondakta wa daladala: akigonga bati gari linaondoka, lakini si yeye anayelisukuma. Draiva ndiyo inayosikia amri na kufungulia mota umeme kutoka chanzo kingine.

Inayowaponza wengi ni pini ya 5V. Imeandikwa volti 5, mota imeandikwa volti 5, basi mtu anaona vinafaana. Pini hiyo imeunganishwa na umeme uleule unaoilisha kompyuta yenyewe. Mota ikivuta ghafla, volti zinashuka kwa wote wawili. Kuna watakaokwambia kwao imefanya kazi, na ni kweli 28BYJ-48 moja isiyo na mzigo inaweza kuzunguka hivyo kwa muda. Mimi nakushauri usianze nayo kabisa, maana siku utakapoongeza mota ya pili au kamera utatafuta kosa mahali pengine kabisa.

Mpangilio salama ni huu: Pi ipate adapta yake, mota ipate adapta yake, na waya mmoja uunganishe GND (hasi) ya Pi na GND ya draiva. Kwa 28BYJ-48, adapta ya volti 5 yenye ampea 1 inatosha. Kwa NEMA 17 moja, tafuta volti 12 na ampea 2 au zaidi. Adapta za kamera za CCTV zinafaa na zinapatikana kirahisi. Betri ya volti 12 ya sola pia inafaa, ila weka fyuzi karibu kabisa na ncha ya chanya, kwa sababu betri ikipigwa shoti itayeyusha waya kabla hujaufikia.

Na kanuni moja isiyo na mjadala: usichomoe wala kuchomeka waya wa mota wakati draiva ina umeme. Koili inayokatiwa mkondo ghafla hutoa mshindo wa volti nyingi, na A4988 hufa papo hapo bila moshi wala harufu.

## Bodi inajizima au kujiwasha upya mota inapoanza

Alama ya radi inatokea pembeni ya skrini, SSH (njia ya kuiendesha Pi kutoka kompyuta nyingine) inakatika, na kwenye Pi 3 na Pi 4 taa nyekundu inazimika kidogo kisha kuwaka. Kwenye Arduino, programu inaanza upya kila mota inaposogea.

Sababu ya kwanza umeshaisoma: mota inakula kwenye pini ya 5V. Zima, hamishia chanya ya mota kwenye adapta yake, acha waya wa GND ulivyo, kisha washa tena. Kwa watu wengi tatizo huishia hapa.

Usihukumu kwa macho. Andika kwenye terminali `vcgencmd get_throttled`. Jibu likiwa `0x0`, umeme umekuwa sawa tangu bodi iwashwe. Likiwa `0x50000`, volti zilishuka wakati fulani baada ya kuwashwa na bodi ikapunguziwa kasi. Likiwa `0x50005`, zimeshuka sasa hivi unapoandika. Pi huanza kulalamika volti zikiwa chini ya takriban 4.63. Endesha mota kwa dakika moja, kisha andika amri hiyo tena. Namba ikibadilika, umeshampata mkosaji.

Kama mota ina adapta yake na bodi bado inajizima, geukia adapta ya Pi. Pi 3 inataka ampea 2.5, Pi 4 inataka 3, Pi 5 inataka 5, zote kwa volti 5.1. Chaja ya simu yenye kebo nyembamba na ndefu huandikwa volti 5, lakini zinazofika kwenye bodi huwa pungufu. Pima kati ya pini ya 2 na pini ya 6 za ile safu ya pini 40, na ufanye hivyo kwa utulivu: pini ya 1, jirani kabisa wa pini ya 2, ni ya volti 3.3, na ncha ya mita ikizigusa zote mbili unaweza kuipoteza bodi. Ukisoma 4.7 au chini yake wakati kazi inaendelea, badilisha kebo kwanza. Ni rahisi kuliko adapta, na ndiyo yenye makosa mara nyingi.

Sababu ya tatu huwapata wanaotumia chanzo kimoja cha volti 12 kwa vyote, na kibao cha LM2596 kinachoshusha umeme hadi volti 5 za Pi. Mpango ni mzuri, ila una mitego miwili. Kwanza, kibao hicho hutoka dukani kikiwa kimerekebishwa popote pale. Geuza skrubu yake hadi mita isome 5.1 kabla Pi haijaunganishwa. Umeme unaoingia kupitia pini ya 5V hausubiri wewe urekebishe. Pili, nyaya za mota na za Pi zitoke kila moja moja kwa moja kwenye chanzo. Zikifuatana kwenye waya mmoja mwembamba, kila mota inapovuta, Pi inapungukiwa.

Kuna sababu ya nne, ya nadra. Mota ikizungushwa kwa nguvu na mzigo, tuseme pulei inateremsha kitu kizito, inageuka jenereta na kurudisha umeme kwenye adapta. Volti za chanzo zinapanda badala ya kushuka. Kapasita kubwa ya mikrofaradi 470 au 1000 karibu na draiva husaidia.

## Inatetemeka na kunguruma, haizunguki

Hii ndiyo dalili inayoulizwa kuliko zote. Habari njema ni kwamba mota inayotetemeka ni mota inayopata umeme. Haijaungua.

Kwa 28BYJ-48, sababu ya kwanza ni mpangilio wa pini. Kwenye kibao cha ULN2003 kuna taa nne ndogo nyekundu, A, B, C na D. Punguza kasi ya programu hadi hatua mbili kwa sekunde uzitazame. Zinatakiwa zipokezane kwa zamu, moja baada ya nyingine au mbilimbili zilizo jirani, zikizunguka upande mmoja. Zikirukaruka, ya kwanza kisha ya tatu kisha ya pili, mpangilio umevurugika. Kwenye maktaba ya Stepper ya Arduino hili ni maarufu: ukifunga IN1 hadi IN4 kwenye pini 8, 9, 10 na 11 kwa mfuatano, ndani ya programu inabidi uandike `Stepper(2048, 8, 10, 9, 11)`. Pini mbili za katikati zinabadilishana nafasi. Hilo tu.

Taa moja ikikosa kuwaka kabisa, waya wa jampa wa pini hiyo haujashika au uko kwenye pini nyingine. Ubadilishe hata kama unaonekana mzima. Nyaya za jampa za bei nafuu hukatika ndani, karibu na kichwa, na plastiki ya nje inaficha.

Sababu ya pili ni haraka kupita kiasi. 28BYJ-48 kwa volti 5 huishia takriban mizunguko 15 kwa dakika. Hiyo ni milisekunde 2 kati ya hatua na hatua. Ukiandika milisekunde 1, mota itanguruma mahali pamoja. Anza na 5, halafu shuka polepole. NEMA 17 inakwenda mbio zaidi, lakini haiwezi kurukia mwendo mkubwa ikiwa imesimama. Ipe hatua za kwanza kwa kasi ndogo na uziongeze kidogo kidogo.

Sababu ya tatu, ambayo kwa NEMA 17 ndiyo ya kwanza, ni koili kuchanganywa. Mota hii ina nyaya nne, jozi mbili. Rangi si za kuaminiwa. Kila kiwanda kina zake. Zima umeme, chomoa plagi, weka mita kwenye omu. Nyaya mbili zikisoma omu chache, kwa kawaida kati ya 1 na 4, hizo ni koili moja. Zisiposoma kitu ni za koili tofauti. Kwenye A4988, jozi moja iende 1A na 1B, ya pili 2A na 2B; kwenye DRV8825, moja iende A1 na A2, ya pili B1 na B2.

Huna mita? Zungusha shafti kwa vidole uisikie ilivyo laini. Gusanisha nyaya mbili, zungusha tena. Shafti ikiwa ngumu ghafla, yenye kusitasita kwenye vidole, umeshika ncha mbili za koili moja. Nyaya zisizo za jozi moja hazibadilishi kitu. Jaribio hili halina gharama, na linafanya kazi hata kwa mota uliyoitoa kwenye printa mbovu isiyo na maandishi yoyote.

Ukikuta nyaya sita, kila koili ina waya wa katikati. Kati ya waya wa katikati na ncha utasoma nusu ya omu za ncha kwa ncha. Kwa A4988 hizo mbili za katikati ziache, uzifunike kwa tepu.

Mota ikizunguka lakini kinyume na unavyotaka, hakuna kilichoharibika. Zima, kisha geuza nyaya za jozi moja tu.

Cha mwisho kabisa ni mkondo mdogo mno kwenye draiva, au mzigo mzito kuliko mota. Vua mzigo wote ujaribu shafti tupu. Ikizunguka, rudi kwenye marekebisho ya mkondo hapo chini.

## Kimya kabisa, haisogei wala haingurumi

Kabla ya kitu kingine shika shafti kwa vidole huku umeme ukiwa umewashwa. Ikizunguka kwa ulaini, draiva haipeleki mkondo. Ikiwa ngumu kama imefungwa, draiva inafanya kazi na kinachokosekana ni amri za hatua. Jaribio la sekunde tano linakupunguzia nusu ya kazi. Kwa 28BYJ-48 halitakusaidia, maana gia zake zinaifanya iwe ngumu wakati wote. Yenyewe tazama taa.

Shafti laini: pima volti palepale kwenye vituo vya umeme vya draiva, si kwenye adapta. Kwenye kibao cha ULN2003 kuna kijampa kidogo pembeni ya pini za umeme, kikichomoka mota haipati kitu. Kwenye A4988 hakikisha VMOT, pini ya umeme wa mota, ina volti 8 au zaidi. DRV8825 inataka angalau 8.2. Adapta ya volti 5 haiziamshi.

Kisha angalia pini tatu zinazosahauliwa. ENABLE ikipata volti, draiva imezimwa, si imewashwa. RESET ya A4988 ikiachwa bila waya inaning'inia hewani. Iunganishe na SLEEP iliyo jirani yake. Kwenye DRV8825, RESET na SLEEP zote mbili zinahitaji kupewa volti, la sivyo imelala. Wanaobadilisha A4988 kwa DRV8825 wakumbuke pia kwamba skrubu ya kurekebishia mkondo imehamia upande wa pili wa kibao. Ukikipachika kwa kufuata skrubu, umekipachika kinyume na kitaungua. Fuata maandishi ya ENABLE.

Shafti ngumu: bodi haitoi hatua. Kosa la kawaida ni namba za pini. GPIO 17 iko kwenye pini ya 11 ukihesabu kwa mpangilio wa safu, ilhali pini ya 17 ya safu ni ya volti 3.3. Chagua mtindo mmoja, BCM (namba za GPIO) au BOARD (namba za safu), uutumie kwenye programu na kwenye mchoro wako wa karatasi. Kosa linalowashangaza watu siku hizi ni programu iliyofanya kazi Pi 4 kukataa Pi 5. Pi 5 ina chipu tofauti inayoendesha pini, na maktaba ya zamani ya RPi.GPIO haiifahamu. Tumia gpiozero pamoja na lgpio, au sakinisha rpi-lgpio ili programu ya zamani iendelee bila kuandikwa upya.

Yote yakiwa sawa na bado kimya, zima umeme upime omu kati ya VMOT na GND ya draiva, kisha kati ya kila pini ya mota na GND. Pini moja ikisoma karibu sifuri wakati wenzake hawasomi hivyo, draiva imekufa. Usiiwashe tena ili "kujaribu".

## Mota au draiva inapata moto

Stepa hupata moto hata ikisimama. Tofauti na mota ya feni, hii huvuta mkondo ili ishike nafasi yake, na mkondo huo hugeuka joto. NEMA 17 usiyoweza kuishika kwa zaidi ya sekunde chache inaweza kuwa salama. Nyingi huvumilia nyuzi 80 kwenye ganda. Bracket ya plastiki iliyochapwa kwa PLA haivumilii hizo, italainika karibu na nyuzi 60 na mota itapinda ilipofungwa. Kwa hiyo joto la kukubalika linategemea mota imefungwa kwenye nini.

Sababu ya kwanza ya joto kupita kiasi ni mkondo ambao haukurekebishwa kamwe. Draiva inatoka dukani na skrubu yake popote. Weka ncha moja ya mita kwenye GND na nyingine kwenye kiskrubu chenyewe, usome volti zinazoitwa VREF. Kwa DRV8825, mkondo ni VREF mara mbili: volti 0.5 ni ampea 1. Kwa A4988, mkondo ni VREF ukigawa kwa mara nane ya kizuizi kidogo kilicho kwenye kibao. Kitazame kwa kioo cha kukuzia. Kimeandikwa R100, R068 au R050, yaani omu 0.1, 0.068 au 0.05. Chenye R100, ukitaka ampea 1, weka VREF 0.8. Chenye R050 kwa VREF hiyohiyo kitatoa ampea 2, na hapo ndipo wanaofuata namba za mtu mwingine huunguza. Tumia bisibisi ya plastiki au ya kauri. Ya chuma ikiteleza inapiga shoti.

Anza na asilimia 60 au 70 ya mkondo ulioandikwa kwenye mota. Kama mzigo unasogea vizuri, bakia hapo. A4988 bila kipozeo inabeba takriban ampea 1, DRV8825 takriban 1.5. Zaidi ya hapo gandisha kipande cha alumini na uweke feni, la sivyo draiva itajikata kwa joto, ipoe, iwake, ijikate tena. Mota inayofanya kazi kwa vipindi baada ya dakika kadhaa ina ugonjwa huu.

Sababu ya pili: draiva isiyofaa. L298N huuzwa sana kwa kazi hii na nasema wazi kwamba kwa NEMA 17 ya kisasa usiinunue. Haina njia ya kudhibiti mkondo. Mota yenye omu 1.5 ikipewa volti 12 moja kwa moja itajaribu kuvuta ampea 8, na kitakachoamua mwisho wake ni kipi kitaungua mapema. L298N inafaa mota zenye omu nyingi, kuanzia 20 kwenda juu.

28BYJ-48 ikipata moto, kwanza soma maandishi ya ganda. Ziko za volti 5 na za volti 12 zinazofanana kwa kila kitu. Ya volti 5 ikipewa 12 itanuka ndani ya muda mfupi. Ikiwa ni sahihi, huenda programu inaacha koili zikiwaka baada ya kazi. Zima pini zote nne mwisho wa mwendo; gia zake zitashikilia mzigo mdogo zenyewe. Kwa NEMA 17 unaweza kupeleka volti kwenye ENABLE, ila ukumbuke kwamba mota iliyoachiwa inaweza kusogea na bodi isijue.

## Inazunguka lakini haifiki inapotakiwa

Kuna kisa cha 28BYJ-48 kinachopoteza muda wa watu wengi. Karibu kila mahali imeandikwa hatua 2048 kwa mzunguko. Gia za mota nyingi za aina hii si 64 kamili, ni 63.68, kwa hiyo mzunguko mmoja ni hatua kama 2038. Ukiiagiza 2048, kila mzunguko unapitiliza karibu nyuzi 1.8. Chora mstari kwa kalamu kwenye shafti na kwenye ganda, kisha agiza mizunguko 10. Mstari ukipita kwa nyuzi kama 18, na ukirudia ukapita kwa kiasi kilekile, mota haijaruka hata hatua moja. Hesabu ndiyo imekosea. Andika 2038.

Kosa likiwa tofauti kila mara, hapo kweli hatua zinapotea. Punguza kasi kwa nusu. Likiisha, shida ni mwendo: ongeza kasi polepole mwanzoni na uipunguze mwishoni. Stepa hupoteza nguvu kadiri inavyokwenda mbio, na dawa yake kwa NEMA 17 ni kupandisha volti za chanzo kutoka 12 hadi 24, mkondo ukiachwa palepale. Draiva inaudhibiti, kwa hiyo volti 24 haziunguzi mota.

Kosa likibaki hata kwa kasi ndogo, kagua skrubu ya pulei kwenye shafti kabla ya kugusa umeme. Mara nyingi imelegea na pulei inateleza.

Kuna pia suala la Linux yenyewe. Raspberry Pi inafanya mambo mengi kwa pamoja, na programu ya Python inayosubiri milisekunde 1 inaweza kusubirishwa 3 kwa sababu mfumo una kazi nyingine. Mota inasikika ikikwaruza au kusitasita bila mpangilio. Kwa mwendo wa taratibu haina neno. Kwa mwendo wa kasi, ikabidhi Arduino au Raspberry Pi Pico kazi ya kuhesabu hatua, na Pi kubwa ibaki kutuma maagizo tu.

Na umeme ukikatika, ukirudi bodi haijui mota iko wapi. Hakuna programu inayotatua hilo peke yake. Weka swichi ndogo mwisho wa njia, na kila bodi inapowaka mota irudi kuigusa ndipo ianze kuhesabu.

## Inajisogeza yenyewe bila kuagizwa

Mara nyingi waya wa GND kati ya Pi na draiva umesahauliwa au umelegea. Bila huo, draiva haina pa kulinganishia volti 3.3 za bodi, na hata kuupitisha mkono karibu na nyaya kunaweza kuisogeza mota.

Kwa A4988 kagua VDD, pini ya umeme wa chipu ya draiva yenyewe. Draiva hii huhesabu amri kuwa ya kweli ikifika asilimia 70 ya VDD. Ukiipa VDD volti 5, inataka 3.5, na Pi inatoa 3.3 tu. Itasikia amri nyingine na nyingine isisikie. Ipe VDD kutoka pini ya 3.3V na tatizo linaondoka.

Mota ikijifunga wakati Pi inawaka tu, sababu ni kwamba GPIO 9 hadi 27 huanza zikiwa zimevutwa chini, na ENABLE ikiwa chini draiva imewashwa. Kizuizi cha kilo-omu 10 kutoka ENABLE kwenda 3.3V kinaituliza mpaka programu yako ishike usukani.

Ikibaki, sogeza kapasita ya mikrofaradi 100 iwe karibu kabisa na VMOT na GND ya draiva, ukihakikisha mstari wa hasi uko upande wa GND, maana ikigeuzwa hupasuka. Tenganisha nyaya za mota na nyaya za STEP na DIR (za amri ya hatua na ya upande). Na toa umeme wa mota kwenye bredibodi. Vishikizo vyake havikutengenezwa kubeba ampea 2.

## Hapa simama, ita fundi

Harufu ya kuungua, moshi, au mlio wa kuchemka: kata umeme ukutani, si kwenye programu. Usiwashe tena kabla hujajua nini kimeungua.

Usifungue adapta. Ndani yake kuna volti 230 za ukutani, na kapasita zake hubaki na chaji ya kuua hata baada ya kuchomolewa. Vilevile zile pawasaplai za bati lenye matundu, ambazo vituo vya volti 230 vimekaa wazi kando ya vile vya volti 12: kuziunganisha ukutani ni kazi ya fundi umeme mwenye leseni, ya EWURA kwa Tanzania au EPRA kwa Kenya. Ganda lake la bati lazima lifungwe na waya wa ardhi. Ukiligusa likakuwasha mkono, kata umeme kwenye swichi kuu na usiliguse tena.

Betri ya lithiamu iliyovimba isichajiwe wala kutobolewa. Itoe nje, mbali na vitu vinavyoshika moto, na umuulize fundi wa betri namna ya kuiondoa.

Na kama mota yako inanyanyua kitu juu ya watu, au inafungua geti linalopitisha watoto, usiitegemee nguvu ya koili kushikilia mzigo. Umeme ukikatika, stepa inaachia saa hiyohiyo. Mashine ya namna hiyo inahitaji breki ya chuma na fundi mitambo wa kuikagua kabla haijaanza kazi.